Hapana Kabisa, Mara Tisa

Tarehe 4 Februari

Mama mdogo wangu mpenzi,

Shikamoo. Najua barua hii imekukuta kwenye kiti cha cherehani, miwani puani na pini mdomoni, kwa hiyo usiitikie kwa sauti, utazimeza.

Mimi sijambo. Na siyo ile sijambo ya kumjibu mtu njiani, ni sijambo ya kutaka kuruka. Leo ni siku ya ishirini na tisa tangu niolewe, na bado nikiamka namwangalia mtu aliyelala pembeni yangu najiuliza, hivi huyu ni wangu kweli? Anakoroma, Mama mdogo! Mimi niliyekuwa nakugongea ukuta kwa sababu ya kukoroma kwako, sasa nasikiliza kama vile ni redio.

Tunakaa ghorofa ya pili, chumba na sebule. Sebuleni kuna mafriji matano ya wateja wake, na hakuna hata moja linalogandisha. La kwetu la sita ndilo zima, maskini, limekaa kona kama mgeni. Jana alirudi na mikono yote ina grisi, akasema, "Fumba macho." Nikamwambia wewe ndiye unayetakiwa kunifumba mimi. Akasema, "Basi jifumbe mwenyewe, mimi mchafu." Nikafumba. Nilipofumbua, amenipigia misumari miwili ukutani, mmoja wa magauni yangu na mmoja wa mkoba. Misumari tu! Nikalia. Akadhani nimechukia, akataka kuing'oa.

Nimepata kazi pia, kwenye duka la fotokopi karibu na ofisi za serikali. Watu wanakuja na fomu hawajui pa kuanzia, mimi nawajazia. Bosi anasema nina mkono mzuri, na siachi nafasi hata moja wazi.

Haya, nimesema mno. Sukari inasemaje? Jumatano unakwenda kliniki? Dawa unajichoma kwa wakati?

Mwanao mwenye furaha kupita kiasi.


Tarehe 21 Februari

Kasuku wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu. Msalimu mkwe, mwambie akorome kwa adabu.

Huku wote wazima. Bomba la uani limetengenezwa. Jirani yetu fundi viatu alikohoa wiki nzima, sasa amepona, amerudi kugombana na mkewe. Na usinipigie simu sana, nikishika simu maneno yananiishia. Barua naipata yote.

Sasa kuna jambo la kliniki, sijalielewa. Jumatano nilikwenda kama kawaida. Wakanitoboa kidole, wakanipima presha, nikavua viatu wakaangalia miguu. Nikajua nimemaliza, nikachukua mkoba. Nesi akasema, "Kaa mama, bado." Yupo nesi mpya, msichana mwenye sauti ndogo. Akatoa karatasi.

"Wiki mbili zilizopita, mama, umekosa hamu ya kufanya mambo?"

"Mambo gani?"

"Yoyote."

"Mwanangu, mimi nimekuja na sukari. Sikuja na hamu."

Akacheka, lakini kalamu haikuondoka kwenye karatasi. Akasema siku hizi mgonjwa wa sukari anaulizwa na habari za huzuni hapohapo, chumba kimoja, siku moja, kwa sababu vitu hivyo viwili hutembea pamoja. Nikamuuliza, vinatembea kwenda wapi? Akasema ndiyo maana anauliza.

Nikaomba kutoka kidogo. Nje nilimkuta yule mwalimu mstaafu tunayepanga naye foleni. Akaninong'oneza, "Jihadhari. Wanatafuta vichaa. Mimi nimejibu kila kitu safi." Nikarudi ndani nikamwambia nesi nimesahau miwani, nitajazia nyumbani. Akaniangalia kichwani. Miwani ilikuwa kichwani. Akanipa karatasi.

Basi ninakutumia. Wewe ndiye mwandishi wa nyumba hii tangu darasa la tano. Fomu za shule, za maji, hata ya kuzika marehemu mama yako tuliirudia baadaye ukaijaza upya wewe. Jaza utakavyoona, unanijua. Mimi nikiyatazama yale maswali yanachezacheza.

Sukari ilikuwa kumi na nne. Usingizi umepungua kidogo, ni joto tu.

Mama yako mdogo.


Tarehe 1 Machi

Mama mdogo wangu,

Shikamoo sana. Karatasi yako imefika nikiwa dukani, nikaijaza palepale kwenye kaunta, na kalamu ya wino mweusi, wanapenda nyeusi.

Nimecheka peke yangu! Maswali tisa, na kila swali lina visanduku vinne: hapana kabisa, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku, karibu kila siku. "Umekosa hamu ya kufanya mambo?" Wewe? Mtu anayeshona sare za shule nzima huku anaimba? Hapana kabisa. "Umejiona umeshindwa maishani?" Wewe uliyenichukua nikiwa darasa la pili, mama yangu hana hata wiki kaburini, ukanilea mpaka ukaniozesha kwa gauni ulilolishona mwenyewe? Hapana kabisa. Usingizi nilitaka kuweka siku kadhaa, halafu nikaona ulishasema ni joto, na joto si ugonjwa. Hapana kabisa. Swali la tisa sikulisoma hadi mwisho, linataja kufa, linatisha, nikaweka tiki mbiombio. Zote tisa ziko safu moja, safi, kama mshono wako.

Sahihi umebakiziwa.

Mume wangu amejifunza kupika chai. Imekuwa nyeusi kama oili, nikanywa vikombe viwili nikamwambia sijawahi kunywa chai kama hii, na si uongo. Mama mdogo, kwa nini hukuniambia kuwa mtu anaweza kupendwa hivi? Nikikaa kwenye basi natabasamu mpaka watu wanahama kiti.

Kumi na nne ni nyingi. Punguza kuonja vitu vya watu.

Mwanao.


Tarehe 26 Machi

Kasuku,

Marahaba. Nimechelewa kuandika, kuna hili na lile.

Karatasi niliipeleka. Nesi aliisoma, akajumlisha, akapata sifuri. Akanitazama, akaitazama karatasi, akanitazama tena. Akasema, "Hongera mama. Basi hili halikuhusu." Kuna kikao wanafanya baada ya vipimo, wagonjwa wanakaa kwenye mabenchi wanaongea na yeye. Mimi akaniambia naweza kwenda nyumbani. Nilipotoka niliwasikia wanacheka. Mwalimu mstaafu naye alikuwa ndani anaongea kuliko wote! Sijui alijibu nini kweli.

Sukari ni kumi na saba. Daktari ameniongezea dozi ya insulini mara mbili mwezi huu. Anasema, "Unakula nini, mama?" Namwambia sili. Anasema haiwezekani, mtu asiyekula, sukari yake haiwi hivi. Anadhani namdanganya, na mimi nadhani anakosea hesabu, tunatazamana tu. Sasa sijui. Labda mashine yao.

Sare za muhula huu nimempa mwenzangu wa ng'ambo ya barabara azishone. Ana watoto wengi.

Hakuna shida. Msalimu mkwe.


Tarehe 2 Aprili

Mama mdogo,

Shikamoo. Tumegombana, mimi na mume wangu. Ni mara ya kwanza. Na ni kwa ajili yako, usikasirike.

Nilikuwa namsomea barua yako, tunakaa sakafuni, yeye amefungua mgongo wa friji la mteja. Nikasoma pale daktari anapoongeza dozi. Akasimamisha bisibisi.

"Rudia."

Nikarudia.

"Mimi friji likikataa kugandisha, mteja anasema ongeza gesi. Naongeza. Baada ya wiki mbili analirudisha. Naongeza tena, anarudi tena. Kumbe gesi si tatizo, kuna mahali panavuja, sikupatafuta."

Nikamwambia mama yangu mdogo si friji.

"Sijasema ni friji. Nauliza, ile fomu uliyojaza, ulimwuliza?"

"Namjua!"

"Hukumwuliza."

"Wewe umemjua miezi mitatu!"

Akashika bisibisi akarudi kwenye friji. Mama mdogo, afadhali angepiga kelele. Nikaenda kulala na gauni langu la kazini. Asubuhi nikakuta chai yake nyeusi kando ya kitanda, na sikuweza kuinywa, na nikaona aibu kwa kutoinywa.

Kwa hiyo nimesoma barua zako zote upya. Na sasa mimi ndiye nisiyeelewa. Hulali, lakini ni joto. Huli, lakini sukari inapanda. Hushoni! Wewe hushoni, na umeniandikia hilo kwenye mstari mmoja kama habari ya bomba. Jumapili nikakupigia. Ukasema, "Salama, haya, cherehani inaningoja." Mama mdogo, nilikaa nasikiliza. Siku zote nyuma yako kwenye simu huwa kuna ile tukutuku ya cherehani. Safari hii nilisikia saa ya ukutani.

Niambie. Dawa unajichoma? Kila siku? Niambie kwa neno moja tu.

Mwanao.


Tarehe 23 Aprili

Mama mdogo,

Shikamoo. Wiki tatu, hakuna jibu. Fundi viatu nimempigia, anasema anakuona mlangoni mara mojamoja, umekonda, ukimwona unaingia ndani.

Nitasema lililonijia, hata kama limekaa ovyo. Ile fomu sikujaza habari zako. Nilikuwa sijatimiza miezi miwili ya ndoa, naona kila kitu kinang'aa, nikachukua furaha yangu nikaiandika kwenye jina lako. Maswali yaliuliza kuhusu wiki mbili zilizopita. Mimi nilimjibia yule wa miaka yote niliyokaa naye, yule anayeimba. Wiki mbili zile sikuwepo. Sijui ulizipitisha vipi. Sikuwa najua hata kwamba sijui.

Kinachonitisha ni kwamba nesi aliiamini karatasi. Daktari anaongeza insulini kwa sababu karatasi inasema hakuna kitu kingine cha kutafuta. Na karatasi ni mkono wangu. Mume wangu anasema dozi kubwa kwa mtu anayeruka siku na asiyekula ni hatari, siku atakapojichoma yote wakati tumboni hamna kitu, inaweza kumwangusha. Simu ya kliniki nimeipiga mara sita haipokelewi.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi nyingine, nimeiandika kwa nesi. Inasema: "Majibu ya mama huyu yalijazwa na mimi, bila kumwuliza, na ninaomba yafutwe." Nimetia sahihi yangu. Sikukutumia fomu nyingine, na ukiniletea sitaijaza. Mpe nesi tu. Huna haja ya kusema neno.

Au niseme nije? Nimeshaomba ruhusa.

Mwanao.


Tarehe 8 Juni

Kasuku wangu,

Marahaba, na marahaba ya zile barua zote ambazo sikuitikia.

Usije kwanza. Nitakuambia lini.

Karatasi yako ilikaa kwenye mkoba Jumatano tatu. Mara ya kwanza nilifika getini nikarudi. Mara ya pili nilikaa kwenye foleni, mwalimu mstaafu akaniuliza, "Leo umekuja na miwani?" Nikakasirika nikaondoka kabla sijaitwa. Mara ya tatu sikutoka nyumbani.

Wiki iliyofuata fundi viatu na mkewe walinigongea. Mke akasema, "Vaa." Nikasema sijisikii. Akasema, "Sijakuuliza unavyojisikia, nimekuambia vaa." Wanagombana kila siku wale watu, lakini siku hiyo walikuwa upande mmoja. Wakanifikisha mpaka kwenye benchi.

Nilipovua viatu, nesi akashika mguu wa kushoto akaugeuza. Akachukua kibano, akavuta pini. Pini yangu ya kushonea, imezama kwenye unyayo mpaka kichwani, pameanza kuwa pekundu. Nimetembea nayo sijui siku ngapi. Akasema ni sukari, inaua hisia za miguu. Akasafisha, akafunga. Halafu akauliza, kwa ile sauti yake ndogo, "Nyumbani mama, nani angeiona hii?"

Nikataka kusema wewe. Tangu ukiwa mdogo wewe ndiye uliyekuwa unaokota pini sakafuni. Nikafungua mdomo, nikakumbuka nyumba ilivyo. Nikampa karatasi yako.

Aliisoma. Hakugomba. Akachukua fomu mpya akaniuliza moja moja, na mimi nikajibu mwenyewe. Kasuku, ilichukua asubuhi nzima. Kuna maswali nilianza na hapana nikamaliza na kila siku. Hamu sina tangu Januari. Ulipoondoka na gari la harusi nilirudi kufagia, nikakaa kwenye kiti cha cherehani nikasema nipumzike kidogo, na mpaka leo sijui nilipumzika nini. Nilikuwa nalala mchana na macho wazi. Dawa, umeniuliza kwa neno moja: hapana. Si kila siku. Nilikuwa naishika sindano nikiona sijui najichoma kwa ajili ya nani. Halafu siku ya kwenda kliniki najichoma nyingi ili nisigombwe. Daktari aliposikia hivyo alikaa chini kabisa. Akapunguza dozi, akaniandikia upya.

Swali la tisa nilimjibu nesi. Wewe sitakuandikia. Alinishika mkono, akaniuliza mengine, na tulikubaliana mambo, na fundi viatu na mkewe wanapita kwangu kila asubuhi. Insulini ya ziada iko kwao. Hilo ujue, usiwe na hofu kuliko inavyotakiwa.

Wanaiita sonona. Nikasema mimi si kichaa. Akasema hajasema. Nikamuuliza, sasa ni sukari iliyoleta hii huzuni, au ni huzuni iliyopandisha sukari? Akasema kwa mtu mmoja mmoja hawajui ipi ilianza, wanatibu zote mbili bila kungoja kujua. Jibu gani hilo? Bado silielewi. Nina kidonge kingine sasa, kimoja kila asubuhi, wanasema kinachukua wiki kadhaa ndipo kisaidie. Na kile kikao cha kwenye mabenchi, nakaa. Mwalimu mstaafu alilia mbele yetu sote, halafu akasema ni mafua. Hakuna aliyebisha.

Sasa wewe. Kwa nini sikukuambia? Ulikuwa unaniandikia habari za misumari miwili. Ningekuandikia nini? Nilikuozesha mwenyewe, nikafurahi kweli, na furaha ile ilipoisha ikaniachia kitu nisichokijua jina. Niliona haya kukuonyesha. Ungedhani nakulaumu kwa kuolewa. Na kuna siku, mwanangu, nilikulaumu. Nimeliandika, lisomeke.

Lakini usiache kuniandikia kama zamani. Barua yako ya Aprili ilikuwa imenyooka kama ya ofisini, nikaogopa. Mumeo umeshapatana naye? Niambie ya chai.

Mama yako mdogo.


Tarehe 19 Juni

Mama mdogo wangu,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo.

Nimeisomea barua yako kwenye ngazi, sikuweza kufika juu. Jirani akapita na ndoo, akauliza nimefiwa? Nikasema hapana. Akauliza nimefurahi? Nikasema hapana. Akasema, "Basi nipishe nipite."

Umeandika kwamba ulinilaumu. Nimelisoma hilo mara nyingi kuliko yote. Mwanzo liliniuma, halafu nikaona ni mstari wa kwanza tangu Januari ninaouamini bila kujiuliza, halafu likaniuma tena. Sijui nilibebe vipi. Nataka kuomba msamaha kwa kuolewa na siwezi, kwa sababu sijutii, Mama mdogo, hata dakika moja. Nampenda mpaka naona kizunguzungu. Mtu anaweza kuwa na furaha hivi na mama yake akiwa pale ulipokuwa? Nimemuuliza mume wangu. Amesema hajui, yeye ni fundi friji. Halafu akanikumbatia na grisi yake yote.

Tumepatana, ndiyo. Chai amezidi kuiharibu. Naipenda. Jana aliimba akitengeneza injini ya friji, hajui maneno, anaimba "nanana" tu, na mimi nikakaa chini ya msumari wa magauni yangu nikimsikiliza, nikakuwaza, vyote kwa pamoja.

Kuna kitu nimebadilisha dukani. Mteja akileta fomu simwandikii tena kabla hajasema kwa mdomo wake. Foleni imekuwa ndefu, bosi ananuna.

Sitakuuliza habari zako kwa jumla, maana utaniambia wazima. Nakuuliza leo tu, siku utakayoshika karatasi hii. Umeamkaje? Nusu ya chini ya ukurasa huu sijaandika kitu. Andika hapo, urudishe. Ukiiacha tupu pia nitaelewa, nitapanda basi.

Mwanao.


Tarehe 4 Julai, hapahapa chini

Kasuku,

Leo si nzuri. Jana ilikuwa nzuri, nilishona kola mbili, sijui kwa nini jana iwe nzuri na leo isiwe. Sukari Jumatano iliyopita ilikuwa kumi na moja, kila mtu kwenye benchi akapiga makofi, na mimi nikarudi nyumbani nikalala.

Asubuhi hii nilikaa kitandani mpaka mke wa fundi viatu akagonga. Nikamwambia kupitia mlango, leo sitaki. Akasema, "Sawa, usitake, lakini fungua." Nikafungua. Tulikunywa chai. Nimejichoma dawa yangu mbele yake, kipimo kilekile alichoandika daktari, halafu nikala.

Nimekujibu kama nilivyo. Panda basi, mwanangu. Njoo na mkwe.